Ile sigara ya waya: kwa nini niliipa pointi 7



Tangu Jumamosi ile ya maonyesho ya kazi za vijana wetu, simu yangu haijapumzika. Wengine wananiita muzee wakati bado. Mmoja ameniandikia: "Yaya, weye njo unaua akili ya bantu." Yote hayo kwa sababu nilikuwa mmoja wa watu watatu wa juri, na ile sigara ya umeme inayovutwa kwa waya, iliyopigiwa makofi kuliko kazi zote za siku ile, mimi niliipa pointi 7 juu ya 20. Wenzangu wawili waliipa 16 na 17. Fanya hesabu: inabaki 13 na kitu, na nafasi ya kwanza ikaenda kwa mashine ya kukausha mihogo. Kwa hiyo lawama ni yangu, siikatai.

Niliahidi kueleza. Naeleza hapa kwa urefu, maana kwenye kikundi cha WhatsApp ukiandika mistari kumi, watu wanajibu ule wa kwanza tu.

Kwa wale ambao hawakufika: mdogo wetu mmoja, yuko mwaka wa mwisho wa elektromekaniki, alikuwa anaokota puff zilizotupwa nyuma ya terasi moja hapa Lubumbashi. Puff ni zile sigara za umeme za rangi rangi, unavuta mpaka inaisha, unatupa. (Sisi wote tunasema "pafu", na sijui kama ni mimi peke yangu ninayesikia mapafu ndani ya neno hilo.) Alizifungua, akatoa batri. Moja ilikuwa bado na maji ya ladha ndani. Hiyo akaitoboa chini, akapitisha waya mbili, akaziunga kwenye chaja ya simu aliyoikata kichwa, chaja ikaingia kwenye ralonje, ralonje ikaingia ukutani. Akaweka mdomoni, akavuta. Wingu likatoka. Sala nzima ikasimama. Kuna mtu akapiga kelele: "Batri kwisha kazi! Sasa ni priza direct!"

Pembeni ya meza hiyo hiyo kulikuwa na taa. Nitaifikia.

Kwanza niseme jambo ambalo walionitukana hawakulitegemea: wazo lenyewe si la kijinga, na si la kwanza. Sigara ya umeme si kitu cha juzi. Herbert Gilbert, Mmarekani wa Pennsylvania, aliomba hati ya uvumbuzi wa sigara isiyo na moshi mwaka 1963, akaipata 1965, na hakuna kiwanda kilichoifuata. Ile tunayoijua leo inatoka kwa Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Tangu mwanzo shida ilikuwa batri. Batri za zamani zilikuwa ndogo na dhaifu, kwa hiyo karibu mwaka 2010 kulikuwa na sigara za umeme zenye waya wa USB, mtu anaichomeka kwenye kompyuta yake ya kazi na kuvuta akiandika. Zilikuwa na ugonjwa wake: mlango wa USB 2.0 una haki ya kutoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5, na hiyo ni nguvu kidogo sana kwa kuchemsha kitu. Baadaye wapenzi wa mashine kubwa, zile za wati mia na zaidi, walianza kutumia vyombo vya kulishia umeme vilivyotolewa kwenye seva za kompyuta, volti 12, vikiwa mezani kama redio ya babu. Na huko Ujerumani, mji wa Tuttlingen, kuna mashine inaitwa Volcano, inauzwa tangu mwaka 2000, inakaa mezani, inakula umeme wa ukuta, inapasha majani joto na kujaza mfuko wa hewa. Haina aibu yoyote ya waya wake.

Tena watu hao wana hoja. Batri inalipuka. Shirika la serikali ya Marekani linalofuatilia moto lilihesabu, kwa miaka 2009 hadi 2016, matukio 195 ya sigara za umeme kuwaka au kulipuka yaliyoripotiwa na vyombo vya habari, na karibu robo yake yalitokea wakati wa kuchaji. Mwezi wa tano 2018, mtu mmoja alikufa Florida. Mwezi wa kwanza 2019, kijana mwingine alikufa Texas. Mtu akisema "ninataka kitu hiki mdomoni bila bomu ndani yake", simcheki.

Kwa hiyo siku ile sikuhukumu wazo. Nilihukumu kile kilichokuwa mezani, na makofi yaliyokipigiwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Puff ina koili ndogo ya waya iliyozungushiwa pamba iliyolowa. Ukivuta, kuna kihisio kidogo kama maikro ya simu kinachosikia hewa ikipita na kufunga njia ya umeme. Koili inapata moto, maji yanakuwa mvuke. Basi. Nilipima koili ya mdogo wetu: omu 1.8. Batri yake ya asili ni ya volti 3.7. Nguvu ni volti mara volti, ugawanye kwa omu, hii tuliifundishwa wote na wengine tuliirudia kipindi cha pili. Kwa batri unapata wati 7.6. Kwa chaja ya volti 5 unapata karibu wati 14. Umeongeza volti moja na kidogo tu, na moto umekaribia mara mbili.

Njo maana wingu lilikuwa nene vile! Watu walishangilia kosa. Pamba haikutengenezwa kwa moto huo, maji hayafiki haraka ya kutosha, na pamba ikianza kukauka inaungua. Yeye mwenyewe alikohoa mvuto wa tatu, akacheka, akasema ni baridi ya asubuhi. Yale maji ni glikoli na gliserini pamoja na nikotini. Yakipashwa kawaida ni jambo moja, yakiunguzwa yanatoa formaldehidi na akrolini, vitu vinavyochoma koo na kuharibu mapafu. Kijana anayefanya hesabu za motori ya awamu tatu hakufanya hesabu ya mstari mmoja kwa kitu anachoweka mdomoni. Hapo nilitoa pointi tano, na sijutii.

Halafu ampea. Volti 5 juu ya omu 1.8 inaomba ampea 2.8. Chaja ilikuwa imeandikwa 2. Chaja nzuri ingekataa. Hii ilikubali, kwa sababu ni chaja ya bei ya mkate, na baada ya mivuto michache ilikuwa na moto wa kutosha kunyoosha kola. Niliomba niende nayo nyumbani. Akanipa.

Niliifungua jioni hiyo. Na hapa ndipo ningependa wale waliopiga makofi wakae karibu yangu.

Kila chaja ya simu inafanya kwa udogo kazi ambayo sisi wa Katanga tunaijua kwa ukubwa. Pale Inga umeme unageuzwa kuwa wa mkondo mmoja, unasafiri kilomita karibu 1,700 juu ya vichwa vya watu ambao hawaupati, unafika Kolwezi na unageuzwa tena. Laini hiyo iko tangu 1982. Ndani ya chaja ni vilevile: umeme wa ukutani, volti 220, unanyooshwa, unakatwakatwa haraka sana, unapitia transfo ndogo kama punje ya hindi, unatoka upande wa pili ukiwa volti 5. Kitu muhimu katika habari hii yote ni neno "upande wa pili". Ule upande wa 220 na huu wa 5 havitakiwi kugusana kwa njia yoyote. Vinaonana kupitia sumaku ya transfo tu. Kwenye chaja ya kweli, ukiigeuza, utaona kama mto mtupu katikati ya plaketi, milimita kadhaa bila shaba yoyote, wakati mwingine wamekata kabisa tundu refu. Kwenye chaja ya mdogo wetu niliweka rula. Mto wote haukufika milimita 2, na tone la risasi lilikuwa limedondokea katikati yake kama kisiwa.

Kila mmoja wetu ameshawahi kushika simu yenye mgongo wa chuma ikiwa kwenye chaja na kusikia vidole vinatekenywa. Tunasema "inapiga kidogo", tunaendelea kuandika. Vidole vikavu vinavumilia. Sasa chukua huo waya, uweke kwenye midomo yenye mate, mguu uko chini kwenye simenti iliyomwagiwa maji, na siku hiyo mvua ilinyesha, mnakumbuka. Kisha, saa tisa ya mchana, umeme ulienda, tukawasha jenereta, ile gurupe ya jirani ambayo taa zote zinapumua nayo. Kisha umeme ukarudi kwa kishindo kama kawaida yake. Yeye alikuwa bado anaonyesha watu. Alivuta mbele ya dada yake mdogo, akampa naye ajaribu. Mimi nilikuwa mita tatu kutoka pale, niko na lisanse ya umeme, nikaandika pointi kwenye karatasi badala ya kwenda kuchomoa ile kitu. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa siku ile, anza na hapo. Pointi 7 unaweza kunisamehe au usinisamehe, lakini hizo mita tatu ninazihesabu mwenyewe.

Kuna aliyeandika kwenye kikundi kwamba mwaka ujao afanye "bila hata chaja, direct kabisa". Natumaini alikuwa anatania. Volti 220 juu ya omu 1.8 ni ampea 122, karibu wati 27,000. Fuse itakatika, kama iko, na kama si msumari. Tafadhali tuache utani huo mahali ambapo wadogo zetu wanasoma.

Bon. Mpaka hapa mtasema ninahukumu ufundi, na ufundi unarekebishwa. Mwenzangu wa juri aliniambia hivyo hivyo: "Ni mfano tu. Atapata chaja nzuri, ataweka regileta ya volti 3.7, itakuwa safi." Ni kweli. Inawezekana kabisa kutengeneza sigara ya umeme ya ukutani iliyo salama, nimeshasema ziko. Lakini hata ikiwa safi, kuna swali ambalo sigara ile iliuliza vizuri kuliko mwenye kuitengeneza alivyojua, na yeye akalijibu vibaya.

Swali ni hili: batri ndani ya puff inafanya kazi gani?

Mtu atasema, inapasha koili. Hapana. Kupasha koili, ukuta unaweza, na kwa bei ya bure. Angalia: batri ya puff ya kawaida, ile inayosemwa ni ya mivuto 600, ni miliampea-saa 550 hivi. Mara volti 3.7, unapata kama wati-saa 2. Ampule ya LED ya wati 10 inakula hiyo kwa dakika 12. Kilowati-saa moja kutoka ukutani, ukiacha kinachopotea njiani, ina nguvu ya puff 500. Mia tano! Kwa hiyo mtu wa Brussels ambaye priza yake haijawahi kuzimika tangu azaliwe, anayekaa saa nane kwenye kiti kimoja, hana haja hata kidogo ya batri ili kuchemsha matone ya maji. Batri iko pale kwa kazi nyingine: ili kitu kimfuate. Kitandani, chooni, kwenye basi, darasani chini ya dawati. Sigara ya moto inaisha na inanuka, inakutoa nje. Shisha inakukalisha mahali pamoja na watu, na bili inakuja. Puff haina mahali na haina saa. Batri njo inaondoa kizuizi cha mwisho.

Sasa, mdogo wetu alipoulizwa na juri kama kuna kasoro, alijibu kwa aibu: "Kasoro ni waya. Juu ya waya, ninavuta mara tano tu kwa siku. Niko nafika nyumbani, umeme haiko, basi."

Watu walicheka. Mimi niliandika sentensi hiyo kwenye karatasi na kuipigia mstari. Kijana alikuwa anavuta puff nzima kwa siku mbili au tatu, alituambia mwenyewe. Kwenye soko la Ulaya puff ya mililita 2 inaruhusiwa hadi miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, yaani 40 kwa jumla, na hizi zinazouzwa kwetu kando ya barabara hakuna anayezipima. Ametengeneza kwa bahati kitu ambacho kinampunguzia, na anakionyesha kama udhaifu wa kurekebishwa. Alituahidi toleo la pili litakuwa na pawabanki. Yaani atarudisha batri! Tumezunguka uwanja mzima na kurudi kwenye mlango tulioingilia. Angesimama pale na kusema, "Nimefunga sigara yangu kwenye ukuta, kama mbuzi, ili isinifuate", ningempa 14 na kumwomba tu anunue chaja ya kweli.

Lakini kilichoniuma zaidi ni batri zenyewe, zile alizozitoa.

Kutoka hapa hadi Kolwezi ni kilomita kama 300. Wengi wetu tuna kaka, mjomba, au mtu wa darasa letu upande huo, kwenye kampuni au kwenye shimo. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na kobalti ni sehemu ya batri ndogo za namna hii, za simu na za puff. Inatoka hapa ikiwa unga kwenye mifuko, inakwenda kusafishwa China, inakuwa batri, na kule Shenzhen batri inaingizwa ndani ya kibomba cha plastiki cha ladha ya embe. Huko Uingereza, mwaka 2023, shirika la Material Focus lilikadiria kwamba puff karibu milioni 5 zilikuwa zinatupwa kila wiki. Kila wiki. Na batri hizo hazijafa. Mwaka huo huo watafiti wa University College London na Oxford walichapisha kwenye jarida la Joule kwamba walizitoa batri za puff za kutupwa, wakazichaji na kuzimaliza zaidi ya mara 450, na bado zilibaki na uwezo mkubwa. Kitu kilichotengenezwa kuweza kuishi mara 450 kinatumika mara moja. Ubelgiji ilipiga marufuku puff za kutupa tarehe 1 Januari 2025, Ufaransa ikafuata mwezi wa pili, Uingereza tarehe 1 Juni. Kwetu bado zinauzwa karibu na kampuse, na zikiisha zinaishia kwenye mfereji nyuma ya terasi, kilomita 300 kutoka zilikoanzia. Zimezunguka dunia nzima ili kurudi kuwa takataka nyumbani.

Ndiyo maana sikuweza kucheka mtu aliposema "batri kwisha kazi". Huko kwenye umeme wa saa 24, sawa, sigara ya waya ni ukosoaji mzuri wa puff: inamwambia mwenye nayo kwamba batri hiyo hakuihitaji. Kwetu ni kinyume. Hapa ambapo delestaji inatupangia saa ya kupika na saa ya kusoma, ukuta njo kitu cha kubahatisha, na batri njo mali. Simu ya kawaida ya miliampea-saa 5,000 ina wati-saa 18 na nusu. Batri tisa za puff ni simu nzima imejaa. Kijana alikuwa ameokota mali, akaiweka pembeni, akashikilia bomba tupu, akalifunga kwenye kitu kimoja ambacho katika mji huu hakina uhakika.

Pembeni, nimesema. Sasa tuje kwenye taa.

Ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Batri sita za puff zimeungwa sambamba, kiplaketi kidogo cha kuchajia, swichi iliyotolewa kwenye redio, na LED za wati 2 zimebandikwa kwenye mfuniko. Hakuna aliyeiwasha kwa sababu ilikuwa mchana. Hata yeye hakuitaja mpaka nilipouliza. "Ah, hii? Ni ya mama, anapikia nayo, na dada anasomea." Dada yake anajiandaa kwa Examen d'État. Hesabu: batri sita za 550 ni miliampea-saa 3,300, wati-saa 12. Kwa wati 2, karatasi inasema saa sita. Nikamuuliza inakaa muda gani, akasema bila kufikiri: "Saa tano na kidogo." Tofauti kati ya karatasi na kopo ni ndogo kiasi kwamba najua hakubuni. Aliipima.

Sitaki kuisifu kupita kiasi, maana ina makosa yake na nilimwambia. Batri sita zilizookotwa sehemu sita haziko sawa. Ukiziunga bila kuzisawazisha voltaji kwanza, yenye nguvu inamwaga umeme kwenye dhaifu, na hakuna kitu cha kuzuia. Hakuna fuse kwa kila batri: moja ikiharibika ndani, tano zingine zote zitaishambulia, na kopo liko jikoni. Moja ilikuwa na mkunjo upande, hiyo nilimwomba aitoe palepale, tukaiweka nje kwenye mchanga. Na alizifungua puff hizo kwa mikono mitupu, wakati maji ya nikotini yanapita kwenye ngozi. Alikiri siku moja alipata kizunguzungu na kutapika, akadhani ni malaria. Mnaotaka kumwiga, mwiteni kwanza, au niiteni mimi, msianze na kisu cha jikoni.

Pamoja na hayo yote, taa niliipa 15. Haikuingia kwenye mashindano kwa sababu hakuiandikisha. Kwenye fomu aliandika kitu kimoja: "Vape ya courant". Tulimpa jukwaa, akachagua kuleta pale kile alichojua tutapigia makofi, na alitujua vizuri. Tulimpigia.

Wenzangu wa juri, sina ugomvi nanyi. Mliona ujasiri na mlitaka kuutia moyo, na mdogo huyu ana wote unaohitajika. Lakini mkisema niliua akili ya mtu, nauliza ni akili ipi. Ile ya kufungua kitu kilichofungwa kiwandani ili kisifunguliwe, hiyo iko kwenye kazi zote mbili. Ile ya kupima na kurudia kupima iko kwenye kopo la maziwa tu.

Alikuja kwangu Alhamisi kuchukua chaja yake. Nilikuwa nimeiacha wazi mezani, na rula kando. Aliiangalia muda mrefu, akaigeuza, akaweka kucha yake kwenye lile tone la risasi. Akasema, "Na dada alivuta." Nikasema ndiyo, na miye niliona. Tukanyamaza wote wawili.

Kisha akauliza kama mashine ya kunyolea ya kinyozi wa kwao, ya wati 10, inaweza kukaa siku nzima ya delestaji kwenye batri za puff, na zitahitajika ngapi. Tulipiga hesabu nyuma ya fomu yake ya maonyesho: kwa saa nne za kunyoa, ishirini, na za akiba tano, kila moja na kifuse chake. Anazo kumi na nne. Chaja hakuichukua.